Aliyefagia Jangwa

"Mbuzi wako wana chokaa hadi puani, halafu unauliza nani kafuta alama za njia!"

"Na mafiga yako yana chokaa kwa chini, Mama Asekon. Ulidhani hatuoni?"

"Mzee Lopeyok, usinipandishie sauti!"

"Nikuimbie, basi?"

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikuwepo ila mtandao ulikuwa haujafika, wawili hao waligombana mbele ya ofisi ya hifadhi ya Ziwa Nakiporo. Maji ya ziwa hilo ni ya magadi, na pande zote ni jangwa: mchanga, mawe na miiba. Kaunti ilikuwa imechora njia ya wageni wapendao kutembea kwa miguu kulizunguka ziwa, na ilitaka mtu wa kuwaongoza. Mmoja tu. Atakayepata kazi ataletewa pipa la maji matamu mlangoni kila wiki.

Pipa hilo ndilo lililomnyima raha msichana Amoni, aliyeitaka kazi hiyo pia. Kila alfajiri yeye na mama yake walitembea mwendo wa saa tatu kwenda kisimani, na magoti ya mama yalikuwa yameanza kukataa. Sasa msichana alisimama kati ya wagombanaji. Alijua jambo wasilolijua wao.

Ilikuwa hivi. Waombaji wa kazi walikuwa hao watatu. Bwana Mwandawiro, afisa wa hifadhi aliyekuwa bado mgeni pale, alisema atatembea njia hiyo peke yake aone kama inapitika. Basi kila mmoja akajitahidi kumpendeza.

Mzee Lopeyok alipaka chokaa mawe ya njia. Ili ishike, aliichanganya na chumvi ya ufukweni. Ilishika kweli, mpaka mbuzi wake mwenyewe walipoionja. Waliramba jiwe baada ya jiwe, njia ikarudi rangi ya jangwa.

Mama Asekon alitaka kumkaangia mgeni maandazi. Pale njia panda akaona mawe matatu ya alama ya njia, yanalingana kama yamepimwa. "Mawe ni mawe," alijiambia, akayabeba akayafanya mafiga.

Afisa akaingia njiani na kofia pana na chupa moja ya maji. Akatafuta mawe meupe, hakuyaona. Akafika njia panda, akatafuta alama, hakuiona. Akainama atafute nyayo za watu, hakuona hata moja. Akashika kushoto. Kushoto hakuna kitu mpaka Ethiopia.

Saa saba mchana chupa ilikuwa tupu. Ndipo mbuzi wa Lopeyok, wakiwa na kiu kwa ile chumvi waliyoramba, wakapita mbio kuelekea chemchemi iliyofichika miambani. Afisa akawafuata. Wakainama, naye akainama. Wakanywa, naye akanywa.

Alasiri Amoni aliona mgeni hajarudi, akaingia njiani. Mchangani zilikuwepo alama za viatu, wazi kama muhuri. Akazifuata mpaka chemchemi, akamkuta afisa ameketi kati ya mbuzi, soksi mbichi kichwani.

"Habari ya mchana, Bwana Afisa."

"Binti, usiniulize habari."

Walipoanza kurudi, upepo wa vumbi ukavuma wasione hata vidole vyao. Amoni aliyezaliwa pale akasimama, hajui mbele wala nyuma. Afisa akainua pua.

"Binti, hayo ni maandazi."

Wakafuata harufu, hatua kwa hatua, mpaka kwa Mama Asekon.

Sasa afisa alikuwa ndani ya ofisi, miguu ndani ya karai la maji, na kelele za ugomvi zikamchosha. Akawaita wote watatu.

"Bila mbuzi wangu ungekauka kama ngozi," alisema Mzee Lopeyok. "Kazi ni yangu."

"Bila maandazi yangu ungekuwa bado unapapasa vumbi," alisema Mama Asekon. "Na ulikula sita."

"Manane," alisema afisa. "Na wewe, binti?"

"Nilifuata nyayo zako, nikakupata."

Mzee Lopeyok akashusha mabega. "Huyu hakuharibu kitu. Mpe yeye tu."

Mama Asekon naye akaguna kukubali. Amoni akaliona pipa limesimama mlangoni kwao, mama yake ameketi kando, amenyoosha miguu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini ulimi haukutulia.

"Niliifagia njia."

"Uliifanya nini?"

"Niliifagia, yote, kwa tawi la mgunga. Mgeni anakuja, nikaona aibu kumpitisha kwenye uchafu. Nyayo za wachungaji nilizifuta mimi, ndiyo maana ulikosa za kufuata. Na ndiyo maana za kwako zilionekana."

"Umefagia jangwa?" aliuliza Mama Asekon. "Kilomita kumi na mbili?"

"Kumi na nne. Nilifagia na njia ya chooni."

"Kumbe mwenye makosa tunaye hapa hapa!" alifoka Mzee Lopeyok, na ugomvi wa wawili ukawa wa watatu.

Afisa akatoa miguu kwenye karai, akachechemea hadi mlangoni, ambako kijiji kizima kilikuwa kimejazana kusikiliza. Akashika fremu ya mlango, akasema:

"Jamani, hawa watatu wamenipoteza, na hawa hawa wameniokoa, kila mmoja kwa kosa lake mwenyewe. Mmoja kaninywesha, mmoja kanitafuta, mmoja kanifikisha. Mmoja amekiri bila kuulizwa, lakini jamani, amefagia jangwa! Kazi ni moja, na mimi akili imeniishia. Hebu niambieni ninyi: nani anastahili?"