Moshi wa Kinywani

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuoleana na kutetana visimani, nyika ilikauka. Sogeeni. Aliye karibu na mlango aurudishe, maana hadithi hii mimi siwezi kuisimulia mlango ukiwa wazi.

Nyika ilikauka mpaka miba ikawa ndiyo majani. Digidigi, yule swala mdogo asiyefika goti la mtu, alikuwa amejifungua juzi juzi tu, mtoto wa kwanza, Kadogo, na maziwa yakaanza kumkatika. Mumewe alikuwa juu mlimani analima viazi. Akatuma neno: njoo na mtoto, huku kuna majani. Sasa Digidigi hakuwahi kutoka nyikani hata mara moja, na mlima aliujua kama kitu cha buluu tu, kule mbali, ambacho siku nyingine hata hakipo.

Alikuwa anafunga mzigo majirani wakatokea. Bwana Fisi, na mkewe Bi Fisi, mwanamke mpana, mkubwa kuliko mume.

“Mwanangu,” akasema Bwana Fisi, “utakwendaje peke yako na kichanga? Sisi nasi tunapanda huko huko. Ugenini, mtu wa kwenu ndiye ndugu.”

“Nipe nikubebee mtoto,” akasema Bi Fisi.

“Ahsante mama, bado sijachoka.”

Wakashika njia. Wakafika ziwa la magadi, ardhi nyeupe inayoumiza macho, na Heroe, ndege wale wa miguu mirefu, wamesimama majini na mavazi yao ya waridi. Mmoja akaita, “Karibu dada, huku kuna kivuli, mpumzishe mtoto.”

Bwana Fisi akamvuta Digidigi kando. “Usiende. Watu wa ziwani hawaaminiki. Mtu analala amesimama kwa mguu mmoja, huo wa pili anauwekea nini? Kukimbilia vya watu.”

Digidigi akapita, akainamisha kichwa.

Wakafika vilima vyekundu, udongo unaganda miguuni, migomba mpaka juu. Nungunungu akatoka shambani na jembe begani. “Mama mtoto, ingia ule ndizi.”

“Wa vilimani hao,” akanong'ona Bwana Fisi, “bahili hawana mfano. Anakukaribisha, halafu anakuhesabia matonge. La tatu likishuka anakohoa.”

“Na huyo mtoto nipe basi,” akasema Bi Fisi. “Mgongo utakuuma.”

“Amelala, mama. Akiguswa atalia.”

Akapita na hapo, na njaa yake. Aliamini, wanangu. Hayo yote alikuwa ameyasikia tangu utotoni, na jambo ulilolisikia tangu utotoni huliulizi lilitoka wapi.

Ni chini ya mlima, walipokaa kupumzika, ndipo alipoona. Bi Fisi alikuwa amebeba chungu kikubwa. Bwana Fisi amebeba kuni na mfuko wa chumvi. Unga hawana. Mboga hawana. Njia yote ile, unga hawana.

“Mama,” akauliza, “huko juu tutapika nini?”

Bi Fisi akamtazama Kadogo, akameza mate. “Tutapika kitakachokuwepo, mwanangu.”

Digidigi akajiuliza, mbona hawakunila kule kule nyikani? Kisha akakumbuka fisi wanavyokula nyikani: mmoja akicheka, ukoo mzima umefika, na mwenye mawindo anabaki na kwato. Hawa wawili walikuwa wanatafuta mahali pasipo na wa kugawana naye.

Arudi? Miguu yake mifupi, yao mirefu. Apige kelele? Ampigie nani? Walioko mbele walikuwa Mbega, wale kima wenye manyoya marefu, na habari zao Bwana Fisi alikuwa amempa njia nzima.

“Wa mlimani ni wachawi,” alisema. “Mbona wanajifunika mashuka meusi na meupe? Anakutupia kitu tumboni, unaungua ndani kwa ndani, na moto wenyewe huuoni.” Na alipoyasema hayo nywele za mgongoni zilimsimama yeye mwenyewe, maana aliyaamini.

Basi nyuma chungu, mbele wachawi. Na mtoto mgongoni.

Wakaanza kupanda alfajiri. Ukungu ukashuka mpaka ukaficha miguu, nyuso zikabaki vivuli. Baridi ya kule, wanangu, nyie hamuijui; jua linachoma, ile inatafuna. Nyasi zilikuwa zimevaa kitu cheupe, ukizikanyaga zinalia kwacha, kwacha. Digidigi alikuwa ameishika kanga aliyombebea mtoto kwa mikono miwili, ameishika, ameishika, mpaka mikono ikafa ganzi na asijue tena kama ameishika. Fundo likaachia. Kadogo akateleza.

Nyaku! Bi Fisi akamdaka shingoni.

“Hapa panatosha,” akasema. “Bwana, weka kuni.”

“Mama, nipe mtoto wangu.”

“Tulia, mwanangu. Utamfuata.”

Bwana Fisi akainama kuvunja vijiti. Bi Fisi akamwinua Kadogo juu, akafungua kinywa.

Papo hapo ukungu ukapasuka, na moshi ukatoka. Fuu. Moshi mweupe, kutoka kinywani mwa Bi Fisi. Na kwenye kile kinywa kidogo cha Kadogo nako, uzi mwembamba wa moshi.

Digidigi akaona. Kumbe ni kweli, mwanangu anaungua. Hakufikiri chungu, hakufikiri meno, aliruka tu akamshika mtoto mdomo.

Ulikuwa baridi. Ulimi baridi, pua baridi. Moto gani huu wa baridi? Akashusha pumzi, na moshi ukatoka kwake pia, tena hakuumwa popote. Basi si moto. Hakujua ni nini, lakini si moto.

Hao wenziwe walikuwa bado hawajaona.

Akavuta ncha ya kanga, akajifunga mdomo na pua.

“Bwana Fisi,” akasema polepole, “mkeo anafuka.”

Bwana Fisi akageuka. Vijiti vikamdondoka. “Mke wangu. Unatoa moshi.”

“Mimi? Wewe ndiye unayetoa. Mdomoni na puani.”

“Puani?”

Wakaanza kuhema, na kadiri walivyohema ndivyo ulivyozidi, fuu, fuu, fuu, kama jiko la kuni mbichi.

“Si ulisema mwenyewe?” akasema Digidigi. “Wanakutupia kitu tumboni.”

Bi Fisi akakaza macho. Alikuwa na akili kuliko mumewe. “Mbona wewe hufuki?”

Ndani ya kanga kifua cha Digidigi kilikuwa kinapasuka. Akajilazimisha kusema taratibu, ili pumzi isipenye. “Nimefunga mdomo, mama. Wewe umeufungua, tena juu ya mtoto ambaye babake anaishi huku huku, Mbega anawaita majirani. Mtazame vizuri. Moto unatoka kwake. Kila unavyomshika ndivyo unavyowaka.”

Bi Fisi akamtazama. Na Kadogo, maskini, baridi ilikuwa imemwingia, akakohoa. Puu, wingu zima usoni mwa Bi Fisi.

Akamwachia kama aliyeshika kaa la moto. Digidigi alikuwa chini yake tayari, akamdaka kabla hajafika kwenye nyasi.

“Dawa,” akalia Bwana Fisi. “Mwanangu, sisi ni watu wa nyika moja. Tuambie dawa.”

“Teremkeni. Mdomo umefungwa, msiseme neno, kusema kunauchochea. Moshi ukikatika mjue mmepona. Lakini mkipanda tena utawaka, na safari hiyo hauzimiki.”

Hawakuaga. Walishuka tifu, tifu, tifu, chungu kikabiringika mbele yao, ngo, ngo, ngo, kikapasukia maweni. Na huko chini jua lilipopanda moshi ukakatika kweli. Wakakumbatiana. Wakaenda wakaitangazia nyika nzima kwamba wa mlimani ni wachawi, wamejionea wenyewe.

Digidigi alikuwa bado amesimama pale pale, mtoto kifuani, aliposikia mtu anakohoa juu ya mti.

Alikuwa Bi Mbega, na shuka lake jeusi na jeupe, na moshi unamtoka puani. Digidigi akarudi nyuma hatua mbili.

“Ni baridi tu, dada,” akasema Bi Mbega. “Pumzi ya moto ikikutana na asubuhi ya huku hutoka hivyo. Kila siku.”

Digidigi akakaa chini kwenye nyasi zile nyeupe.

“Mbona hukubisha hodi?” akauliza Bi Mbega. “Nyumba yangu mmeipita hapo chini kidogo.”

“Niliogopa. Niliambiwa kwamba...”

Bi Mbega hakushuka mtini, alishika tawi tu.

“Na mimi niliambiwa,” akasema. “Kwamba wa nyikani mnakula watoto. Nimewaona mnapanda, watatu na chungu, na huyo mtoto. Nikamwambia mume wangu, unaona? Nikafunga mlango. Nilikusikia unamwomba mtoto wako, dada, na komeo sikulitoa mpaka walipokimbia.”

Kadogo alianza kulia, kilio kile cha njaa.

Ndipo Bi Mbega akashuka, akavua shuka lake, akawafunika wote wawili. Wakaenda nyumbani kwake, akapuliza moto, akamchemshia mwenzake viazi, na mlango ukaachwa wazi siku hiyo yote pamoja na baridi yake, mpaka baba Kadogo alipoingia.

Hapo ndipo ninapoiweka chini, wanangu: anayekutisha na watu wa njia nzima, mtazame yeye kwanza meno.