Peugeot ya Bibi Ndeshukurwa

Sogeeni, na masikio myalete yote mawili, maana mwishoni nitawadai jibu.

Palikuwa na marafiki watatu Moshi, wote wagonjwa wa magari ya zamani. Mzee Ndesario, fundi mstaafu wa mabasi, alikuwa na sikio: angesikiliza injini akakwambia inaumwa wapi. Shafii, muuza miwani, alikuwa na pua: kipuri ambacho hakitengenezwi tena popote, yeye angekinusa kilipojificha. Na Aikande, mwalimu wa kuchomelea vyuma, alikuwa na mikono: bati mbele yake lilikunjika kama kanga.

Jumamosi moja Bibi Ndeshukurwa wa Marangu akawafungulia banda. Ndani, Peugeot 404 iliyolala miaka ishirini na miwili, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

"Gari hili ndilo lililonileta hapa bibi harusi," alisema. "Nataka nishuke nalo mjini mara moja tena kabla sijafa. Atakayelifufua ni lake. Ila sitaki liuzwe, wala mpeane kwa zamu. Mtu mmoja."

Moyo wa Aikande uliruka. Tangu shule ya msingi alikuwa akichora gari la namna ile kwenye madaftari ya hesabu.

Mzee Ndesario alianza. Injini ilikuwa imekwama kabisa, na kila fundi alimshauri aitupe aweke ya kisasa. Alikataa. Akamimina mafuta ndani ya silinda, akawa anapanda Marangu kila asubuhi kuizungusha kwa mkono, kidogo, kidogo. Siku ya arobaini na moja ikazunguka! Mzee mzima alilia huku amemkumbatia kuku.

Lakini kabureta, inayoilisha injini petroli, ilikuwa imeliwa na kutu. Shafii akaenda Tanga, akaenda Lindi, akavuka hadi Mombasa, patupu. Mwishowe akaipata Korogwe, kwa mzee mmoja mkulima wa mkonge ambaye hakutaka fedha. Alitaka pikipiki ya Shafii, ile aliyoitengeneza kwa miaka sita kwa mikono yake mwenyewe. Shafii akaiacha, akarudi kwa basi, kabureta mapajani.

Siku hiyo injini iliunguruma! Majirani wakamiminika, vigelegele juu. Bibi akaja na mkongojo wake, akainua mguu apande. Magoti yakagoma. Akajaribu tena, mguu ukatoboa sakafu iliyooza.

"Basi, wajukuu zangu," alisema taratibu. "Mmefanya vya kutosha."

"Bado, Bibi," Aikande akajibu. Wiki hiyo alitakiwa Dodoma kwenye usaili wa ukuu wa chuo. Hakwenda. Alikata sakafu yote, akafua mpya, cheche zikimchoma viganja. Kisha akabuni kiti kinachogeuka hadi nje ya mlango: unakikalia, nacho kinakuingiza garini.

Bibi akakaa. Kiti kikageuka. Gari likaondoka!

Waliteremka hadi Moshi honi ikilia, bodaboda zikiwasindikiza, Bibi akipunga mkono kwa kila mtu na kucheka mpaka kilemba kikamdondoka. Kwenye mnara wa saa wakasimama.

"Gari ni injini," alisema Mzee Ndesario.

"Bila kabureta injini hiyo ingewaka kwa dua, mzee wangu?" Shafii akauliza. "Na pikipiki yangu hairudi."

Aikande alitamani kunyamaza kwa heshima, akashindwa. "Shikamooni wote. Lakini Bibi alitaka kushuka mjini. Nani alimwezesha kupanda?"

Wakamgeukia Bibi, ufunguo mkononi mwake.

"Msiniulize mimi," akacheka. "Leo nimekuwa bibi harusi, sina akili ya kuhukumu. Waulizeni watu."

Haya, watu ndio nyinyi. Gari ni moja, ufunguo ni mmoja. Wewe ungemkabidhi nani, na hao wawili ungewatazama usoni ukawaambia nini?