Waonjaji wa Sheria

Mtu mmoja alikuwa na shamba la chumvi kubwa kuliko kijiji, na mdomo mdogo kuliko tundu la sindano. Jina lake Faraj, lakini vibarua wake walimwita Tajiri, naye aliitikia. Sikilizeni vizuri, maana mfano huu nausimulia mimi, na shule nilitoka mapema kwa sababu nilikuwa nawachosha walimu. Wenye vyeti wasogee mbele. Ni wao unaowahusu.

Shamba lilikuwa pwani, mahali pa upepo na joto. Maji ya bahari yaliingizwa kwenye majaruba mapana, jua likayanywa, chumvi ikabaki chini ikimetameta. Vibarua waliikwangua, wakaibeba kwa karai, wakaipandisha vilima vyeupe. Kila mmoja alikuwa na mkataba wa msimu. Msimu ukiisha mkataba unakufa, na chumba cha kambini kinakufa nao. Anayependwa anaongezewa. Asiyependwa anahama siku hiyo hiyo.

Ila sheria za mahali pale hakuna aliyezijua. Tajiri hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu anayeamini kwamba jambo akishaliwaza, amekwisha kulisema. Alikuja kwa gari, akateremsha kioo kiasi cha kutosha pua, akatazama, akapandisha kioo, akaondoka. Nyapara wake, Tsofa, alibaki barabarani akijaribu kukisoma kile kioo. Tsofa naye alikuwa na mkataba, kwa hiyo hakuuliza. Alirudi kwa watu na uso wa mtu anayejua, akawaambia wafanye kazi kama inavyotakiwa. Watu wakamwuliza inavyotakiwa ndiyo vipi. Akawajibu kwamba mtu mwenye akili haulizi swali kama hilo.

Basi sheria ilijulikana kwa njia moja tu, nayo ni mtu kuivunja. Kijana mmoja aliingia jarubani na ndara, akafukuzwa kwa kuchafua chumvi. Kumbe kuna sheria ya ndara. Wote wakavua. Chumvi ikawala nyayo mpaka zikapasuka kama udongo wa kiangazi. Mwingine akaonekana miguu mitupu, akafukuzwa kwa kutojali usalama wake. Mama mmoja alipumzika kivulini, akaambiwa mvivu. Aliyemfuata hakupumzika, akaanguka kwa jua, akaambiwa anatia shamba aibu. Msicheke sana. Ninyi huko kazini kwenu mnavaa nini miguuni?

Watu wakiishi gizani hujitengenezea mila. Na wale vibarua walitengeneza mila ambayo sijaisikia penginepo, na mimi nimesikia mengi. Waliiita kuonja. Jambo likiwa halijulikani kama linaruhusiwa, alitafutwa yule ambaye mkataba wake uko ukingoni na hana tumaini la kuongezewa. Huyo ndiye mwonjaji. Alitumwa akalifanye jambo lile mchana kweupe, mbele ya macho ya Tsofa. Akiachwa, jambo ni halali, na kesho yake wote wanalifanya. Akifukuzwa, ni haramu, na wenzake wanamsindikiza hadi barabarani na kuku wa kwenda naye.

Walijivunia ustadi huo, msidhani waliuonea haya. Walikuwa na waonjaji mashuhuri, waliosimuliwa wakati wa chakula kama mashujaa wa vita. Yuko aliyeonja kuimba kazini. Yuko aliyeonja kwenda msibani bila ruhusa. Yuko aliyeonja kumsalimia Tajiri kabla Tajiri hajamsalimia yeye, na huyo hakurudi hata kuchukua sufuria yake.

Kitu kimoja tu kilishindikana kuonjwa, nacho ni lango. Lilikuwa ubao mzito kwenye mdomo wa mfereji mkuu, unaning'inia kwa kamba, ukishushwa bahari inabaki nje. Mtu mmoja aliwahi kulifunga maji yalipojaa, akafukuzwa, kwa kuwa siku hiyo Tajiri aliyataka maji. Msimu uliofuata mwingine akaliacha wazi, akafukuzwa naye, kwa kuwa siku hiyo Tajiri hakuyataka. Tangu hapo watu walilizunguka kwa mbali, kama kaburi la mtu asiyejulikana.

Kati ya vibarua hao alikuwamo mwanamke aitwaye Mbodze, mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Alikuwa amemleta baba yake kutoka bara, mzee aliyekatwa mguu, wakakaa wawili katika chumba cha kambi. Bara kwao nyumba ilikuwa imekwisha kuanguka. Mkataba wa Mbodze ulikuwa unaisha jua likizama siku hii ninayoisimulia. Kwa mila, mwonjaji alikuwa yeye. Lakini Tsofa alikuwa amemnong'oneza asubuhi kwamba Tajiri ametaja jina lake, na hakulitaja kwa hasira. Akae kimya tu, siku iishe salama. Mbodze, akae kimya. Mnauona mtihani huo.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote. Alasiri maji makuu yakaja, na upepo ukiyasukuma mgongoni. Majaruba yalikuwa yamejaa chumvi ya kuvunwa, nyeupe mpaka macho yanauma. Lango liko wazi. Maji yakaanza kupanda mferejini, na kila mtu aliyaona. Kila mtu alijua kwamba yakifika majarubani, chumvi ya msimu mzima inarudi ilikotoka, na chumvi ikienda hakuna mkataba wa mtu yeyote utakaobaki. Na kila mtu akasimama, mikono nyuma. Tsofa akaikazia macho barabara kama gari litaota pale.

Kisha wakageuka wote wakamtazama Mbodze.

Chengo, mtani wake wa siku zote, ndiye aliyelisema. "Dada, chungu kiko jikoni. Onja."

Mbodze akamjibu kwamba ulimi mrefu kuliko wote hapa ni wa Chengo, basi aonje yeye. Chengo akasema ulimi wake bado una mkataba hadi msimu ujao. Watu wakacheka kicheko kikavu. Maji yakapanda.

Mbodze alimfikiria baba yake ameketi mlangoni na mguu wake mmoja. Tena alifikiri, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, kwamba kila alichokijua mahali pale kililipiwa na mtu aliyethubutu kwanza. Wimbo aliouimba kazini ulikuwa na mwenyewe. Msiba aliokwenda kumzika shangazi yake ulikuwa na mwenyewe. Hakuna alichokila pale ambacho hakikupita kwanza mdomoni mwa mwenzake. Akaweka karai chini.

Jamani, alikimbia. Tuta la kwendea langoni ni jembamba, lina utelezi, maji yanalilamba huku na huku, na Mbodze analipita kama anafukuzwa na nyuki. Kanga ya begani ikapeperuka, akaiacha iende. Akafika, akaing'ang'ania kamba, fundo limekazwa na chumvi ya miaka, akalifungua kwa meno. Ubao ukashuka nusu, ukakwama. Bahari tayari inapita chini yake, jaruba la kwanza limekwisha kuyeyuka. Mbodze akaupanda ule ubao, akaurukia kwa miguu yote miwili, akaurukia tena, na tena, mpaka ukazama kwenye matope kwa kishindo. Wimbi likaja likaupiga. Ubao ukatikisika. Ukakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Hawakujua kama kupiga makofi kunaruhusiwa.

Ndipo gari likafika. Safari hii Tajiri alishuka, na wapo ambao hawakuwahi kujua kwamba Tajiri ana miguu. Akaja juu ya tuta na viatu vyake vinavyong'aa. Akalitazama jaruba lililokufa, akayatazama yaliyopona, yakienda na kwenda mpaka mwisho wa macho. Akauliza ni nani aliyelifunga lango. Usoni mwake hamkuwa na habari yoyote, si ya heri wala ya shari. Tsofa akaanza kuvichunguza viatu vyake mwenyewe.

Mbodze alikuwa bado amesimama juu ya ubao, amelowa hadi nywele. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemtaja.

"Ni mimi, Tajiri," akasema. "Sasa sema mbele ya hawa wote. Nimevunja sheria, au nimeitunza?"

Tajiri akatazama maji, akatazama chumvi, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka jana. Na hapo, wenzangu, ndipo wale vibarua walipoona jambo ambalo misimu yote hawakuliona. Sheria haikuwa imefichwa. Haikuwapo. Tajiri aliitunga kila mara baada ya tendo, kwa kutazama hasara imelalia wapi, kisha yeye mwenyewe akaamini kwamba ilikuwapo tangu zamani. Mashujaa wao wote walikuwa wameonja chungu ambacho hakijawahi kutelekwa.

Chengo akaanza kucheka. Haikuwa dharau. Ni kicheko cha mtu aliyenyata miaka mingi nje ya nyumba ya watu asimwamshe mbwa, kisha akaambiwa nyumba ile haina mbwa. Kikamwambukiza aliye kando yake, kikaenda mpaka mwisho wa tuta.

Tajiri hakukipenda. Lakini chumvi ilikuwa pale mbele yake, nyeupe, nzima. Akasema taratibu, "Leo umefanya vizuri."

Angeondoka na hilo. Tsofa alikuwa amekwisha kugeuka kumfungulia njia. Na mtu mwenye mzazi chumbani, na mkataba unaozama pamoja na jua, angelipokea neno hilo kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe, na ushujaa wangu wote huu mnaoujua, ningelipokea na goti ningepiga. Mbodze hakushuka.

"Na kesho, Tajiri?"

Tajiri akasimama. Kati yake na gari walikuwapo vibarua wote. Hawakumtisha, hakuna aliyeinua hata kijiti. Tuta lilikuwa jembamba tu, na hakuna aliyesogea. Jasho likamtoka. Na kwa mara ya kwanza tangu alinunue shamba lile, alisema jambo kabla halijatokea. Alisema bamvua likipanda, aliye karibu na lango alishushe, na asiguswe na mtu.

Watu wakapumua. Mama mmoja wa nyuma akauliza habari ya ndara. Tajiri akasema watu wavae viatu vya mpira, naye atavileta. Mwingine akauliza habari ya kivuli, naye akajibiwa. Mwingine akauliza msiba. Maswali yakaja kama kuku wanaomwagiwa mtama, huyu hajamaliza yule ameingia, na Tajiri anajibu, anafuta jasho, anajibu, na mara nyingine anasema hilo hajalifikiria, anaomba alifikirie, na watu wanaitikia kwamba hilo nalo ni jibu. Mmoja akauliza kama inaruhusiwa kumsalimia Tajiri kwanza. Tajiri akashangaa sana. Akasema hajapata kumfukuza mtu kwa salamu. Wote wakageuka kumtazama Tsofa, na Tsofa akavirudia viatu vyake. Lakini baada ya kitambo Tsofa naye akainua mkono. Akauliza, kwa sauti ya chini, kazi yake hasa ni ipi. Hilo ndilo lililomchukua Tajiri muda mrefu kuliko yote.

Jua likagusa minazi ya upande wa bara. Chengo, ambaye sasa hakuwa anacheka, akauliza la mwisho. "Na anayeuliza, je? Anafukuzwa?"

Kila mtu alijua lile swali limekaa chumba gani, na ni nani ameketi mlangoni pake akisubiri. Tajiri akamtazama Mbodze. Alimtazama muda mrefu, na nadhani aliiona kesho yenyewe. Aliona bahari ikipanda, lango wazi, na watu wote wale wamesimama, mikono nyuma, wakitafutana kwa macho. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hafukuzwi, na kwamba Mbodze anaendelea msimu ujao.

"Kwa nguvu kidogo, Tajiri," Mbodze akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Akasema kwa nguvu.

Basi wewe mwenye watu chini yako, nakuuliza: huko kwako, ni nani atakayefukuzwa kesho ili wenzake wapate kujua unachotaka?