Farasi wa Rubani Keith

Hapo zamani, katika vita vile ambavyo watu waliuana hadi mawinguni, paliishi Australia mjane mfuga kondoo, jina lake Olive Danaher. Alikuwa na mwana mmoja tu, Keith, kijana mcheshi asiyejua kutulia. Alipotimiza miaka ishirini, Keith akaenda kuwa rubani wa ndege za kivita. Siku ya kuondoka alimpapasa farasi wake mwekundu shingoni, akasema, "Mama, nisiporudi, usimuuze huyu. Mpe mtu aliyenifaa kuliko wote."

"Utarudi umpande mwenyewe," mama akajibu.

Hakurudi. Alipigana jangwani, akapigana juu ya bahari, akapigana Italia, na huko akafia. Wenzake walisema hawajaona mtu mwepesi wa kuingia hatarini kama yeye, wala mwepesi wa kucheka akishatoka.

Vita vilipokwisha, Olive akawaita nyumbani kwake watu watatu aliosikia habari zao. Akawaandalia chai, akawaeleza wasia wa mwanawe. "Basi semeni," akawaambia.

Stan, fundi wa ndege, akainua mikono yake. Ngozi ilikuwa imekunjamana kwa moto. "Mama, kule jangwani Keith alianguka, ndege ikawaka. Niliingia motoni nikamtoa. Tangu siku ile siwezi hata kushika spana. Mwaka wote alioishi baada ya hapo, niliununua kwa mikono hii."

Akafuata Roland, rubani mwenzake. "Mama, siku ya mwisho ndege yangu ndiyo iliyopigwa kwanza. Keith akageuka kunikinga, naye akapigwa. Akaniambia redioni, 'Roly, nenda!' Sikwenda. Risasi zilikuwa zimeniishia, injini inafuka moshi, lakini niliwavamia adui kana kwamba ninazo, mpaka wakamwacha akashuka. Wangemmalizia hewani."

"Si alikufa hata hivyo?" Stan akauliza.

"Alikufa, lakini alifika chini akiwa hai."

Wa tatu alikuwa Filomena, mkulima wa Italia, aliyehamia Australia kwa kaka yake baada ya vita. Alisema akitazama sakafu. "Aliangukia shamba langu la nyanya. Juma lililotangulia, mabomu ya ndege za upande wake yalikuwa yamemuua mwanangu, Dino. Nilichukua jembe, nikaenda kummaliza. Nikamkuta anamwita mama yake. Kwa neno hilo sikuhitaji mkalimani. Nikalitupa jembe, nikamficha zizini. Askari wa upande wa pili wakaja kumtafuta, wakanipiga, sikusema. Alfajiri alifia mapajani mwangu. Nimemzika ubavuni mwa Dino."

Olive alitamani kumkumbatia mama yule, lakini mikono ya Stan ilikuwa pale pale mezani, mikono iliyomwongezea mwanawe mwaka mzima. Na Roland je? Keith alimpenda huyu kiasi cha kumfia, na huyu alipoambiwa ajiokoe, alikataa.

Akatoka nje. Akarudi akimwongoza farasi mwekundu, akasimama mbele yao. Stan akamtazama Filomena. Filomena akamtazama Roland. Roland akainamisha kichwa. Hakuna aliyenyoosha mkono kwanza.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msimwachie mama wa watu peke yake. Hatamu ile, je, angemkabidhi nani?