Kiboko Alivyojifunza Ukubwa

Paukwa!

Pakawa.

Nani huyo anaitika kama kabanwa na mlango? Paukwa tena!

Pakawaaa!

Ehee, sasa mmeamka. Sikilizeni basi.

Hapo kale Kiboko alikuwa na kiwanda cha kufyatua matofali kando ya mto. Wafanyakazi wake walikuwa Kima, Bata na Karunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mgongoni. Asubuhi yote wanakanyaga udongo: pwata! pwata! pwata! Mchana makande yakiiva, Kiboko hujongea.

"Ngojeni nionje," husema. Bwaku!

"Ngojeni nionje tena." Bwaku! Bwaku!

Anaonja mpaka sufuria inabaki tupu. Wenzangu, huko ndiko kuonja? Mimi mama yangu angenichapa mwiko!

Siku moja Bata akaanguka kwa njaa, puu! juu ya matofali mabichi. Karunguyeye akamnyanyua, roho inamuuma.

"Kwa mwendo huu," akamwambia Kima, "Ijumaa hatuioni."

Kumbe Kiboko naye ana lake linalomkera. Nyati wa ng'ambo alikwenda semina, akarudi na siri za wafalme wa kale, na sasa kila mtu anamwita kiongozi.

"Na mimi nazitaka!" Kiboko akanguruma.

"Siri hizo ninazo, Bosi," akasema Karunguyeye. "Babu yangu alifagia baraza la mfalme."

"Sema upesi!"

"Mkubwa ni jaa, Bosi, kila mtu humtupia lake. Mfalme alikaa barazani saa ya chakula, watu wakalalamika mpaka wa mwisho, na yeye kinywa fyu! Akikifumbua kabla hawajaisha, ukubwa humtoka pyuu, haurudi tena."

"Kufunga kinywa tu?"

"Tu. Lakini wafalme wengi walishindwa."

"Mimi si wengi!"

Mchana Kiboko akaketi, kinywa fyu. Makande yakaletwa, yanafuka moshi. Kima akaja na bakuli.

"Bosi, nina lalamiko." Akachota. "Jembe ni butu." Akala.

Bata akaja na bakuli.

"Bosi, nina lalamiko." Akachota. "Udongo una mawe." Akala, akachota tena. "Na mawe yenyewe yana udongo."

"Mmm! Mmm!" Kiboko akaguna, macho yamemtoka, anaonyesha sufuria kwa masikio.

"Jamani, Bosi anasikiliza!" Kima akashangilia, akakumbuka lalamiko la pili, na la tatu, na la nne.

Mwisho akaja Karunguyeye. Akakwangua ukoko, kwangu! kwangu! Akala, akajilamba vidole.

"Bosi, langu ni moja tu. Makande ya leo yamepungua chumvi."

Hapo Kiboko akafumbua kinywa, kipana kama mlango wa banda. Akachungulia sufuria. Akamtazama Karunguyeye.

"Ukubwa... umebaki?"

"Wote, Bosi! Nyati hakufikii hata magotini."

Basi Kiboko akafurahi, akaenda zake kula nyasi mtoni. Kesho yake akaitisha baraza tena, na keshokutwa tena. Bata akanenepa, matofali yakawa mengi hata pa kuyaanika hapana, na Nyati mwenyewe akavuka mto kuja kujifunza uongozi.

Ngano yangu naitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na funzo lake, enyi wafanyakazi, lishikeni sana: msilalamike mbele ya bosi. Kulalamika hakujapata kumshibisha mtu.