Moto Ukutani mwa Ghala la Sultani

Hapo zamani, mwaka biashara ilipolala hata wachuuzi wa Mbwenge wakawa wanauziana vitumbua wao kwa wao, palikuwa na Sultani Hatibu, ambaye kila mtu alipofilisika yeye alipata faida. Mashallah! Raia walikuwa wametia mali zao katika ushirika wake wa karafuu, na kila msimu akiwaita barazani, akiwatangazia faida, kisha akiwataka waongeze mtaji. Faida yenyewe hakuna aliyepata kuitia mkononi.

Miongoni mwa washirika alikuwamo Kibwana Mkavu, fukara mwenye ulimi mrefu kuliko kanzu yake. Yeye alitia bangili za mkewe Mwanahawa, alizoachiwa na marehemu mama yake. Tangu hapo Mwanahawa hakuwa na neno jingine ila, "Bangili zangu ziko wapi?" na Kibwana roho ilimuuma kwelikweli.

Basi ikawa siku ya baraza, Sultani akanena, "Enyi raia zangu, msimu huu faida imezidi mara mbili. Ghala langu limejaa karafuu hadi darini. Kesho leteni mtaji mwingine, na asiyeleta, fungu lake limepotea."

"Allahu Akbar!" wakapokea wale waliokuwa wakilipwa kupokea.

Kibwana akainuka. "Bwana wangu, wanunuzi hawapo, nasi wachumaji tumekaa tu vibarazani. Hizo karafuu wamezichuma malaika?"

Sultani akakunja uso. "Waniita mwongo? Haya, nionyeshe kilichomo ghalani, pasipo kufungua mlango wala kuchungulia. Ukishindwa, kesho hiyohiyo utauhama mji huu, na bangili ndiyo basi tena."

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu."

Kesho yake watu wakajaa barazani, mtaji wameufunga kwenye pindo za nguo. Sultani na waziri wake walikuwa wakinywa kahawa kwa halua. Mara Kibwana akaingia mbio, anahema. "Bwana wangu, moto! Moto ukutani mwa ghala!"

Lo! Watu wakatimka na ndoo, na masufuria, na mitungi. Mwanahawa ndiye aliyewatangulia wote, akipiga mayowe, "Bangili zangu, jamani!" Na kweli moshi ulikuwa ukipanda. Walipofika wakakuta mafiga matatu nje ya ukuta, na chungu cha uji kinatokota.

Wakarudi wamefura, wanamtaka Kibwana wamtie adabu.

"Msinipige kwanza," akasema. "Mtazameni bwana wetu."

Sultani alikuwa ameketi palepale, halua shavuni, waziri anammiminia kikombe kingine.

"Waungwana, mwenye bangili mbili amekimbia peku. Mwenye ghala zima anaongeza kahawa. Mimi sikufungua mlango, wala sikuchungulia. Haya, niambieni ninyi, ghalani mna nini?"

Sultani akacheka, "Ha! Kibwana una vituko wewe!" akangoja wenziwe wacheke. Hakucheka mtu, hata wale wa kulipwa. Watu wakakaza mafundo ya pindo zao, wakasimama mlangoni, wala hawakusogea. Ikambidi Sultani afungue hazina ya nyumba yake, amrudishie kila mtu chake, na jasho linamtoka. Mwanahawa akazivaa bangili zake papo hapo, machozi yanamlengalenga, akamshika mumewe mkono.

"Na ule moto," akauliza waziri kwa sauti ndogo, "tuuzime?"

"Uacheni," akasema Kibwana. "Uji wangu haujaiva, na humo ndani hamna cha kuungua."