Kengele Moja, Kamba Moja

Kaeni vizuri, na mwenye njaa ale kwanza. Mwisho wa hadithi hii kuna swali, na swali lenyewe halijibiwi na mtu anayewaza ugali.

Palikuwa na kijiji juu ya milima ya Upare, Kwamrindi, na humo wanawake watatu, wote wajane, wote wabishi. Kila mmoja alijaliwa lake. Namkunda alijaliwa kungoja. Ukimwambia nakuja sasa hivi, ukaja baada ya mwaka, utamkuta mlangoni na kikombe chako mezani. Elieshi alijaliwa kuota. Akisinzia kidogo tu mchana anaamka na habari za watu. Nakijwa alijaliwa kuchokonoa. Huyo ukimpa yai atalitikisa, atalinusa, atalielekeza kwenye jua alitazame ndani, ndipo aseme asante.

Nakijwa hakuwa mtu mbaya. Hakupenda tu kuambiwa. Mumewe, Kiangi, alikuwa mwinjilisti wa kanisa la pale, na kwa miaka thelathini alimwomba mkewe abatizwe. Nakijwa alikuwa akimpakulia chakula huku akijibu, "Nionyeshe kitu kimoja, baba. Kimoja tu, na leo hii nainamisha kichwa." Kiangi alikuwa akicheka, anakula. Mwishowe akafa hajaonyesha kitu. Nakijwa akaendelea kupikia wageni wa kanisa, kwa sababu marehemu alikuwa amewatangazia watu kwamba mkewe anajua kupika, na hilo angalau lilikuwa na ushahidi.

Sasa, kanisa la Kwamrindi lilikuwa na mnara wa nguzo nne, na juu yake hakuna kitu. Kengele ilikuwepo zamani. Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, askari walipokuwa wakichukua kila kilichong'aa, wazee watatu wa kanisa waliishusha kengele wakaificha. Wawili wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hawakurudi. Wa tatu, Mzee Mchome, akaugua kabla hajamwambia mtu mahali ilipo. Kijiji kikasema ameiuza. Watu walichimba mashimo manane kulizunguka kanisa, wakapata vigae na mfupa wa mbuzi, na ukuta wa kusini ukapata ufa. Baraza la wazee likaapa: hakuna shimo la tisa.

Na kengele hiyo haikuwa chombo cha kuita watu tu. Kwamrindi walikuwa na desturi yao ya Pasaka. Mlio wa kwanza hupigwa na mtu mmoja, naye kabla hajavuta kamba hutaja jina la mtu mmoja, na kanisa zima huitikia, "Yupo." Mlio wa pili na kuendelea hauna jina. Ni kelele tu za furaha. Kwa miaka arobaini na sita hakuna aliyetajwa.

Sikilizeni kazi ya Namkunda. Yeye ni binti wa huyo Mchome aliyeitwa mwizi. Alikuwa na miaka kumi baba yake alipomwita kitandani akamkabidhi ulimi wa kengele, kile chuma cha ndani kinachogonga, waliouchomoa kengele isije ikalia njiani. Akamwambia, "Mwili upo. Wakati wake ukifika, utauliza ulimi wake." Kikohozi kikamchukua. Namkunda akaufunga ule ulimi kwenye kanga, na kila mwaka siku ya Matawi anaufungua, anaupaka mafuta ya ng'ombe, anaufunga tena. Watu walipotaka kukata nguzo za mnara wazifanye kuni, alikwenda akakaa chini yake na kikapu chake cha maharage mpaka wakaondoka. Wakamwuliza, "Umeiona hiyo kengele kwa macho yako?" Akajibu, "Sijaiona. Ndiyo maana nangoja."

Sikilizeni na kazi ya Elieshi. Yeye alikuwa akipika dengelua, pombe ya miwa, na kwa ajili hiyo alitengwa na Meza ya Bwana, akawa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Siku moja, miaka kumi na miwili kabla ya haya ninayoyaeleza, alisinzia katikati ya mahubiri akaota. Ibada ilipokwisha alimfuata mchungaji wa wakati huo. "Nimeona wanawake wanatwanga jikoni kwao, nyuma ya kanisa. Chini ya kinu kuna kitu kama chungu kikubwa kilichofunikwa. Wakitwanga, kinaitikia. Ni kengele."

Mchungaji akasema, "Jiko la wanawake liko mbele, barabarani. Nyuma ni shamba la kahawa."

"Basi labda nimeota vibaya."

"Hukuota vibaya, mama. Umekunywa vizuri."

Elieshi akarudi kwenye mitungi yake. Hakutaja tena neno hilo.

Na kazi ya Nakijwa ni hii. Mwaka mmoja masika yaliangusha lile jiko la barabarani, watu wakang'oa kahawa nyuma ya kanisa wakajenga jingine. Mwaka uliofuata, Jumatatu ya wiki ya kuelekea Pasaka, Nakijwa alikuwa hapo anatwanga mahindi ya makande, na Namkunda kando yake anachambua maharage. Kinu kikaanza kuitikia. Si sauti ya kinu. Ilikuja kutoka chini, nyembamba, inachelewa kidogo nyuma ya mchi. Nakijwa akasogeza kinu hatua moja, akatwanga. Hakuna. Akakirudisha. Ipo. Akakizungusha pande zote, anatwanga na kuinamisha sikio.

"Mwenzangu, unatwanga au unacheza ngoma?" Namkunda akauliza.

"Nyamaza usikie."

Namkunda akasikia. Ungo ukamponyoka, maharage yakatawanyika. "Ni kengele," akasema.

"Ni chuma," Nakijwa akasema. "Kengele ni neno lako."

Akakumbuka kwamba hapo hapo palikuwa na mbuni mmoja, mti wa kahawa uliokuwa wa njano siku zote, hata mvua zikiwa nzuri. Akaazima mtaimbo, akausukuma ardhini. Ukazama kiasi cha mkono mmoja, ukagonga. Alipouchomoa akapitisha kidole kwenye ncha, akakitazama juani. Unga wa kijani. Kutu ya chuma ni nyekundu, hilo hata mtoto anajua. Kijani ni shaba. Moyo ukaanza kumdunda, naye akaukasirikia, maana bado hajaona kitu.

Siku ya pili yake akasimama mbele ya baraza akaeleza yote: sauti, mbuni, mtaimbo, rangi ya kutu. Wazee walisikiliza vizuri sana, kisha wakakataa vizuri sana.

"Shaba, sawa," mmoja akasema. "Hata risasi ya mzinga ina ganda la shaba. Kama ni risasi ya ile vita, uigonge turuke wote na makande yako?"

Kwa mara ya kwanza maishani Nakijwa alikuwa ameshika ushahidi wote mkononi na haukutosha. Angewaambia nini? Waamini?

Katibu wa kanisa, Mzee Senzige, alikuwa pembeni anapekua daftari la zamani kutafuta kile kiapo cha shimo la tisa. Akasimama kwenye ukurasa mmoja. Akaweka miwani sawasawa akasoma: "Elieshi amesema ameota kengele nyuma ya kanisa, chini ya kinu, kwenye jiko la wanawake. Huko hakuna jiko. Amelewa."

Mchungaji Eliamini, kijana aliyekuwa hajamaliza mwaka pale, akauliza, "Daftari hilo ni la lini?"

"Miaka kumi na miwili iliyopita."

"Na jiko?"

"Mwaka jana," Nakijwa akasema polepole. Akahesabu tena kwa vidole, kama yai analolitikisa, lisije likawa viza.

Wakachimba. Jumatano saa nne asubuhi kengele ikatoka, imejaa udongo, ya kijani kama chura. Wanaume wakaiosha, wakaipandisha kwenye zile nguzo ambazo hazikuwa kuni, wakaitikisa. Kimya. Tumboni hamna kitu. Kengele bubu. Kesho yake mhunzi wa mjini akatuma jibu kwamba kupata cha kugongea ni mpaka baada ya sikukuu ya Utatu, miezi miwili mbele. Watu wakaanza kunung'unika, ndipo Namkunda akaja anatembea bila haraka, kwa kuwa hajawahi kuwa na haraka, amebeba ile kanga yake iliyokunjwa kama mtoto. Akafungua. Ulimi ukaingia kwenye kishikizo chake kama mkono kwenye mfuko, unateleza kwa mafuta.

Zikabaki siku tatu kufika Pasaka, na swali moja. Nani avute?

Jumamosi baada ya chai mchungaji akawaita wote watatu ofisini. Namkunda akaanza. "Nataka kumtaja baba yangu. Miaka arobaini na sita ameitwa mwizi. Mimi niliamini wakati hakuna sauti, hakuna kutu, hakuna ndoto. Huyu Nakijwa aliamini alipoona. Hata mbuzi akiona majani anaamini."

"Na wewe ungengoja mpaka kaburini," Nakijwa akajibu, "na ulimi wako kwenye kanga. Nani aliyekuonyesha pa kuupeleka?"

Elieshi akacheka peke yake. "Mimi sikungoja, sikutafuta. Nilisinzia tu, tena wakati wa mahubiri. Lakini aliyesema, alisema na mimi. Hakusema na mwinjilisti, hakusema na mchungaji. Na jina ninalotaka kulitaja ni langu. Nipo hai, nakaa mlangoni, na hapa nimeitwa kila kitu isipokuwa Elieshi."

"Ulisemeshwa ukanyamaza miaka kumi na miwili," Namkunda akamwambia.

"Sikunyamaza, dada. Niliandikwa."

Mchungaji akamgeukia Nakijwa. "Na wewe, mama? Hujabatizwa bado."

"Nitabatizwa. Nilitoa ahadi na sitaikimbia, nimeonyeshwa." Akaikunja ncha ya kanga yake. "Lakini nimeonyeshwa miaka miwili baada ya aliyeniomba nibatizwe kufa. Huyo Mungu wenu ana saa yake, sijui nani anaijaza ufunguo. Nataka nimtaje Kiangi, nisikie watu mia tatu wakinijibu kwamba yupo. Nikisikia hivyo, hayo maji mnimwagie hata ndoo nzima."

Mchungaji akawaaga, hajaamua.

Asubuhi ya Pasaka jua likatoka safi. Kanisa likajaa mpaka madirishani. Watu wakatoka nje wakauzunguka mnara, wamevaa vizuri, wanatazama juu. Kamba ikaning'inia. Wanawake watatu wakasimama chini yake, kila mmoja na jina lake mdomoni, na mchungaji katikati yao anatokwa na jasho wakati jua bado changa.

Hapo mimi nanyamaza, ninyi mnasema. Wala msiniambie wavute wote watatu kwa pamoja. Hilo ni jibu la mtu anayewahi makande. Jina ni moja.

Bila aliyeamini asipoona, kengele ni bubu, na nguzo zake zimepikiwa chai. Bila aliyeota kabla ya wakati, hakuna ambaye angethubutu kuchimba. Bila aliyechokonoa, kengele ingekuwa bado chini ya kinu, inaitikia na hakuna anayeuliza ni nani. Na jiko, msilisahau jiko. Wapo wanaosema liliangushwa na mvua tu.

Watu mia tatu wamevuta pumzi, wanasubiri jina la kuitikia. Haya, kamba hiyo hapo. Wewe ungempa nani?